Nigeria: Kugawa wilaya ni kugawa mafungu



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalosemwa sana huku vijijini, nalo ni kugawanya wilaya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila unapofanyika mkutano wa hadhara hakosekani mtu wa kusimama na kusema kwamba wilaya yetu ni kubwa mno, igawanywe, na maendeleo yatakuja mbio. Watu humpigia makofi. Mimi sibishi kwamba wilaya ni kubwa. Nimekwenda makao makuu mara nne kufuatilia malimbikizo yangu ya kupandishwa daraja, na umbali huo nimeupima kwa nauli yangu mwenyewe. Lakini yapo mambo yaliyowapata wenzetu wa Nigeria ambayo nadhani yafaa tuyajue kabla ya kupiga makofi.

Nigeria ni shirikisho la majimbo 36, pamoja na eneo la mji mkuu wa Abuja. Kila jimbo limegawanywa katika maeneo ya Serikali za Mitaa, na katika barua hii nitayaita wilaya ili tuelewane. Jumla yake ni 774. Kati ya hizo, 768 zimo katika majimbo, na 6 ni za Abuja. La ajabu kwetu ni kwamba idadi hiyo imeandikwa ndani ya Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1999, na siyo idadi tu, bali kila wilaya imetajwa kwa jina lake, jimbo baada ya jimbo. Kuongeza wilaya moja kule ni sawa na kuigusa Katiba.

Hawakuanza hivyo. Walipopata uhuru mwaka 1960 walikuwa na mikoa mitatu mikubwa, ya Kaskazini, Magharibi na Mashariki, na kila mmoja ulikuwa na desturi yake ya utawala wa chini. Kaskazini walikuwapo maemiri na mamlaka zao za asili zilizoachwa na Waingereza. Kusini yalikuwapo mabaraza ya aina nyingine. Mwaka 1967 Jenerali Gowon aliigawa nchi katika majimbo 12, na mwaka 1976 serikali ya Jenerali Murtala Mohammed ikayafanya kuwa 19. Ni mwaka huo huo wa 1976 ndipo wanajeshi walipoamua kwamba nchi nzima iwe na serikali za mitaa za namna moja. Zikaundwa 301, na shabaha ikawekwa kwamba wilaya moja iwe na watu kati ya 150,000 na 800,000.

Wasomaji wa umri wa wazazi wangu watakumbuka kwamba wakati huo sisi tulikuwa tumefanya kinyume. Kwa mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 halmashauri zetu za wilaya zilivunjwa, zikarudishwa baadaye kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza tena kazi mwaka 1984. Kwa hiyo Wanigeria walikuwa wakijenga wakati sisi tunabomoa. Sisemi kuwacheka wazee wetu. Nasema ili tusidhani kwamba wenzetu walianza kwa ujinga, maana mpango wao wa 1976 ulikuwa mzuri, tena ulisifiwa.

Basi zile 301 zilifikaje 774?

Kwanza, wanasiasa waliochaguliwa mwaka 1979 walianza kuzikata kama mkate. Kila gavana alikata jimboni mwake, hata katika miaka minne idadi ikazidi mara mbili. Wanajeshi waliporudi madarakani siku ya mwisho ya mwaka 1983 walizifuta zote mpya na kurudi kwenye 301. Mtu angedhani wanajeshi wamekata mzizi wa fitina. Lakini mwaka 1989 Jenerali Babangida akazifikisha kama 450, mwaka 1991 zikawa kama 590, na mwaka 1996 Jenerali Abacha akazifikisha 774. Raia walipopewa serikali mwaka 1999 walikabidhiwa na orodha, na orodha hiyo ikafungwa ndani ya Katiba. Tangu hapo haijaongezwa hata wilaya moja inayotambuliwa na serikali ya shirikisho. Yaani ramani ambayo Wanigeria wanaitumia leo katika demokrasia yao ilichorwa na watu wenye bunduki, ambao hawakupigiwa kura na yeyote.

Sasa nije kwenye mafungu, maana hapo ndipo penye utamu na uchungu. Fedha nyingi za Nigeria hutokana na mafuta na kodi zinazokusanywa na serikali ya shirikisho. Huwekwa katika mfuko mmoja na kugawanywa kwa kanuni ambayo imetumika tangu mwaka 2002: serikali ya shirikisho asilimia 52.68, majimbo asilimia 26.72, na wilaya asilimia 20.60. Fungu la wilaya nalo hugawanywa tena. Asilimia 40 yake hugawiwa wilaya zote sawa kwa sawa, kila wilaya sehemu moja, iwe kubwa iwe ndogo. Asilimia 30 hutazama idadi ya watu. Asilimia 30 zilizobaki hutazama ukubwa wa ardhi, juhudi za kukusanya mapato na huduma za jamii.

Niliifanya hesabu hii ubaoni na wanafunzi wangu wa darasa la sita, nayo ni nyepesi. Tuseme fungu la wilaya zote kwa mwezi mmoja ni naira milioni 774. Asilimia 40 yake ni milioni 309.6. Ukiigawa kwa 774, kila wilaya hupata naira 400,000. Haya, Jimbo la Kano lina wilaya 44, kwa hiyo huchukua milioni 17.6. Jimbo la Lagos lina wilaya 20, huchukua milioni 8. Je, watu wa Kano ni wengi mara mbili kuliko wa Lagos? Kwa sensa ya mwaka 2006, Kano ilihesabiwa watu milioni 9.4 hivi, na Lagos milioni 9.1 hivi. Ni karibu sawa, na Serikali ya Lagos yenyewe ilizikataa hesabu hizo ikisema watu wake ni wengi zaidi sana. Tena Kano hiyo yenye 44 ilikwisha kumegwa mwaka 1991 likazaliwa Jimbo la Jigawa, ambalo lina wilaya zake 27.

Wapo watakaosema huu ni upendeleo wa watu wa Kaskazini, kwa kuwa majenerali wengi walitoka huko. Liko kweli kidogo ndani yake, lakini si jibu lote. Jimbo la Oyo liko kusini magharibi, na lina wilaya 33. Akwa Ibom ya kusini kabisa ina 31. Na Bayelsa, penye mafuta mengi, ina 8 tu. Mimi naona ni kanuni yenyewe ya kugawa ndiyo inayomfanya mtu atake wilaya. Ukisema kila chungu kitapewa kibaba kimoja, usishangae majirani wakivunja mtungi mkubwa na kuufanya vyungu vitano.

Na tusidhani wanagombea fedha tu. Panapokuwa na wilaya pana makao makuu, na panapokuwa na makao makuu pana kazi za ofisi, zabuni, soko na barabara ya lami. Jambo hili limemwaga damu. Mwaka 1997, katika mji wa Warri na vitongoji vyake, makao makuu ya wilaya mpya ya Warri Kusini Magharibi yalihamishwa kutoka Ogbe-Ijoh, kwenye watu wa kabila la Ijaw, yakapelekwa Ogidigben kwa Waitsekiri. Vikazuka vita vya majirani, watu wengi wakauawa na nyumba zikachomwa. Katika Jimbo la Osun, watu wa Ife na Modakeke, ambao wote ni Wayoruba na wanasikilizana lugha, nao walipigana kuanzia mwaka huo huo kwa sababu ya makao makuu ya wilaya ya Ife Mashariki. Na mjini Jos, wilaya ya Jos Kaskazini iliyoundwa mwaka 1991 imekuwa chanzo kimoja cha magomvi yaliyoua mamia ya watu mwaka 2001 na tena mwaka 2008, mara hii ya pili baada ya uchaguzi wa wilaya hiyo hiyo. Sikumbuki kama mzee wetu anayedai wilaya mkutanoni aliwahi kufikiri ofisi zitajengwa kijiji gani. Nadhani anafikiri zitajengwa kwake.

Kwa upande mwingine, kufunga orodha ndani ya Katiba nako kuna vituko vyake. Iko wilaya ya Bakassi. Mwaka 2002 Mahakama ya Kimataifa iliamua kwamba rasi ya Bakassi ni mali ya Kameruni, na mwaka 2008 Nigeria ikamaliza kuikabidhi. Nchi imekwenda, watu wengine wamehamishwa, lakini jina la Bakassi limebaki katika Katiba kama wilaya ya Jimbo la Cross River, na serikali ya jimbo ikalazimika kuitafutia ardhi kwa kumega wilaya jirani ya Akpabuyo. Sijapata kusikia wilaya nyingine iliyopoteza nchi yake ikabaki na jina.

Lagos nayo ilijaribu kuupanda ukuta. Gavana wake wakati huo, Ndugu Bola Tinubu, aliongeza maeneo mapya 37 kwa sheria ya jimbo, jumla yakawa 57. Mwaka 2004 Rais Obasanjo akaamuru fedha za wilaya zote za Lagos zizuiwe. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Desemba 2004 mahakama ikatoa hukumu ya pande mbili: Rais hana mamlaka ya kuzuia fedha za wilaya, lakini hayo maeneo mapya hayajakamilika kisheria mpaka Bunge la Taifa lipitishe. Fedha zilizozuiwa zilikuja kutolewa zote mwaka 2007, Obasanjo alipokwisha kuondoka. Yale maeneo 37 yapo hadi leo, yana ofisi na viongozi, lakini katika kugawa mafungu ya shirikisho hayahesabiwi. Lagos inahesabiwa 20.

Nieleze sasa kwa nini mwalimu wa kijijini anahangaika na mambo ya mbali namna hii. Ni kwa sababu ya walimu wenzangu. Katika Katiba ya Nigeria, kazi za wilaya ni masoko, vituo vya magari, machinjio, makaburi, kuandikisha vizazi na vifo, na pia kushiriki katika elimu ya msingi na zahanati. Neno hilo "kushiriki" limewaumiza walimu. Mwaka 1991 serikali ya kijeshi ilizikabidhi wilaya shule za msingi pamoja na mishahara. Mishahara ikachelewa, walimu wakagoma, na mwaka 1993 ikabidi utaratibu ubadilishwe ili fedha za walimu zikatwe kabla wilaya hazijapewa fungu lao. Hapo zikalia wilaya. Baada ya kukatwa mishahara ya walimu, nyingine zilipata sifuri mwisho wa mwezi, hata pesa ya kufagia soko hakuna.

Kati ya wilaya na mfuko wa taifa amesimama gavana. Katiba inasema fedha za wilaya zipitie katika akaunti ya pamoja ya jimbo. Kwa miaka mingi magavana wengi wameifanya akaunti hiyo kuwa mfuko wao wa shati. Walitoa walichopenda, wakabakiza walichopenda. Tena wengi hawakuitisha uchaguzi wa wilaya ingawa Katiba inautaka, wakateua kamati za muda zilizodumu miaka. Mwenyekiti aliyeteuliwa na gavana atamwulizaje gavana habari za fedha?

Mwaka 2024 serikali ya shirikisho iliyashitaki majimbo yote 36, na tarehe 11 Julai mwaka huo Mahakama ya Juu ikaamua kwamba magavana hawana haki ya kuzishika fedha za wilaya, kwamba wilaya zilipwe moja kwa moja, na kwamba kamati za kuteuliwa ni kinyume cha Katiba. Rais wakati hukumu hiyo inatolewa ni yule yule Tinubu aliyekuwa gavana wa Lagos. Majimbo yakakimbilia kuitisha uchaguzi, na mengi chama cha gavana kilizoa viti karibu vyote. Mwaka mzima ulipita baada ya hukumu fedha zikiwa bado zinapita njia ya zamani.

Wengi walishangilia hukumu hiyo. Mimi pia niliposikia nilisema vema. Lakini walimu wa Nigeria, kupitia chama chao, wamekuwa na hofu kwa miaka mingi juu ya wilaya kujitawala kwa fedha, wakitaka kwanza ijulikane mishahara itatoka wapi. Watu wengine waliwaona wasaliti, wakasema walimu wako upande wa magavana. Siyo haki. Mtu aliyelala njaa kwa sababu ya wilaya mwaka 1992 hawezi kuambiwa aipokee tena kwa vigelegele. Na wala si habari ya kale. Kule Abuja, kwenye zile wilaya 6 ambako hakuna gavana aliyechaguliwa bali Waziri, walimu wa shule za msingi waligoma zaidi ya miezi mitatu mwaka 2025, kuanzia Machi hadi mapema Julai, kwa kuwa halmashauri hazikuwalipa kima kipya cha chini cha mshahara cha naira 70,000 kilichopitishwa na sheria ya mwaka 2024. Walimu wa sekondari mji huo huo walikuwa kazini. Watoto wa madarasa ya chini ndio waliokaa nyumbani, watoto wa mama muuza soko na wa fundi cherehani, maana wenye uwezo husomesha shule za kulipia.

Maoni yangu ni kwamba mishahara ya walimu na wauguzi wa zahanati itolewe kwanza, ikatwe huko huko juu na kupelekwa kwa mwalimu mwenyewe, isipite mkononi mwa gavana wala mwenyekiti. Lakini mzigo huo usikatwe wote kwenye asilimia 20.60 ya wilaya, maana tutarudi kwenye sifuri. Serikali ya shirikisho inayochukua zaidi ya nusu ya mfuko ichangie. Baada ya hapo wilaya ipewe kilichobaki, ijenge soko lake, ikosee, na wananchi waiulize. Kwetu mshahara wa mwalimu hutoka Hazina na kuingia benki kwa jina lake. Tuna malalamiko yetu, na yangu ya malimbikizo nimekwisha kuyataja, lakini mshahara wa mwezi haunitegemezi kwa mwenyekiti wa halmashauri wala kwa idadi ya wilaya katika mkoa. Halmashauri zetu ni 184. Zikiwa 200 mshahara wangu ni ule ule. Kinachoongezeka ni ofisi, magari na wakuu, na hao nao hulipwa kutoka mfuko huo huo mmoja.

Na juu ya asilimia 40 ya sawa kwa sawa, mimi ningeipunguza sana na kuongeza lile fungu la idadi ya watu, hasa watoto walioandikishwa shule. Bila hivyo hawataacha kudai wilaya. Mwaka 2025, Bunge lao lilipokuwa likipitia Katiba, lilipokea maombi zaidi ya mia mbili ya kuunda wilaya mpya, mbali na maombi ya majimbo mapya. Masharti ni magumu: theluthi mbili ya wabunge wa jimbo wanaowakilisha eneo hilo, kura ya maoni yenye theluthi mbili, halmashauri nyingi za jimbo zikubali, Bunge la Jimbo lipitishe, kisha liende Bunge la Taifa. Hata hivyo watu hawachoki kuomba, na mimi siwalaumu, maana anayeomba ameona jirani yake mwenye wilaya tatu anavyopata.

Tulipomaliza hesabu ile ubaoni, mtoto mmoja wa kike aliuliza: kama fedha zitafuata watu, na watu wa Lagos wameikataa sensa, nani atawahesabu upya? Nilimwambia sensa ya mwisho Nigeria ilikuwa ya mwaka 2006, na ile iliyopangwa kufanyika 2023 iliahirishwa. Akaandika daftarini.

Mwalimu wa Kijijini,
Morogoro.